Kontrola inasema betri zimejaa, saa tatu usiku inveta inakata: anzia hapa

Mkuu, una betri mbili za maji za volti 12, zimeungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), kila moja 100Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi), paneli moja ya sola ya wati 150 na kontrola (kidhibiti chaji) ya PWM, ile aina ya kawaida. Jioni inaandika zimejaa, saa tatu usiku inveta inalia na kuzima. Usikimbilie kununua betri. Kontrola inasoma volti tu, na betri iliyotoka kuchajiwa hudanganya.

Kwanza jambo lisilo na gharama. Mzigo ukiwa umewashwa, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye vichwa vya inveta. Tofauti ikizidi 0.3, waya ni mwembamba au kuna nati imelegea. Mzigo wa wati 600 kwenye volti 12 unavuta zaidi ya ampea 50, kwa hiyo kutu kidogo tu inatosha kuizima inveta wakati betri bado zina moto. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa bekingi soda na maji (yasiingie ndani ya betri), kausha, kaza, paka grisi.

Waya zikiwa sawa, zima mizigo yote jioni, upime alfajiri kabla jua halijapiga paneli. Tenganisha betri, maana zikiwa zimeungwa mita inakupa namba moja tu. 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12.0 karibu tupu. Halafu tia haidromita (kipimo cha uzito wa asidi) kila tundu. Iliyojaa husoma kama 1.265. Tundu moja likiachwa na wenzake kwa 0.050, hilo linakufa. Yote yakisoma 1.200 kwa usawa, betri si mbovu, ina njaa.

Nami naamini ni njaa. Wati 150 kwa PWM hutoa kama ampea 8 jua likiwa kali. Betri za asidi za jumla 200Ah zinataka angalau 20. Ukitumia nusu usiku, yaani 100Ah, unahitaji zaidi ya saa 12 za jua kali kuirudisha, na hakuna siku ya namna hiyo. Kinachobaki bila kuchajiwa kinaganda kwenye sahani za risasi kama chumvi ngumu. Hapo nafasi ya kuhifadhi umeme inapungua: volti zinapanda upesi mchana, kontrola inadhani zimejaa, na usiku zinaporomoka upesi vilevile.

Ongeza paneli za volti ileile, ziungwe sambamba, mpaka kama wati 400. Kontrola iwe ya ampea 30. Punguza matumizi siku kadhaa, kisha fanya chaji ya kusawazisha (equalize) ya kuvunja ile chumvi, volti 15 hadi 15.5, ukipima kwa haidromita kila saa. Namba zikiacha kupanda, simamisha. Fungua madirisha, moto usikaribie, kwa sababu hidrojeni inatoka kwa wingi. Hii ni kwa betri za maji pekee. Za jeli au AGM (zile zilizofungwa, zisizoongezwa maji) utaziua.

Maji ya kuongeza yawe yaliyotoneshwa (distilled water) tu, kamwe si asidi. Ongeza baada ya kuchaji, kwani yanapanda wakati wa kuchaji na ukijaza mapema yatafurika. Ila ukikuta sahani ziko wazi, zifunike kwanza ndipo uchaji.

Angalia pia ulivyoziunga. Chanya ya inveta itoke betri ya kwanza, hasi itoke ya pili. Zote mbili zikitoka betri moja, hiyo ndiyo inayofanya kazi nyingi na kuchoka mapema. Unapofungua mfumo, ondoa paneli kwanza, betri mwisho. Kurudisha ni kinyume chake, kwa sababu kontrola nyingi huungua zikipata paneli bila betri.

Na kama moja itaonekana imekufa kweli, badilisha zote mbili. Ya zamani itaivuta mpya chini kila usiku.