Wasomaji Wanauliza: Msitu Uliofunga Si Lazima Uwe wa Asili

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji huku Amani. Msitu wetu umefunga, ukitazama juu huoni mbingu. Lakini afisa aliyepita alituambia asili yake imepungua sana. Aliona nini? (Msomaji, Muheza)

Huenda yeye alitazama chini, nanyi mlitazama juu. Huko kwenye milima ya Usambara Mashariki kivuli kinadanganya. Kwa miongo mingi iliki imelimwa chini ya miti mikubwa: mkulima anafyeka vichaka na miche yote, miti mirefu anaiacha kwa kuwa iliki inataka kivuli. Kwenye picha ya setilaiti msitu uko palepale. Ukiingia ndani, unakuta majitu ya miaka mingi na iliki, katikati hakuna kitu. Siku mti wa mtambara wa mita 50 ukianguka, hakuna mche wake wa kushika nafasi hiyo, na anayeiwahi ni mhesi.

Mhesi ni mti wa Tanzania, ila si wa milima hiyo. Kwao ni Kagera, Uganda na misitu inayoendelea hadi Afrika Magharibi. Amani uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ukapandwa kwa wingi miaka ya 1960 na 1970 mahali palipovunwa mbao. Unakua haraka, unazaa mapema, na hondohondo humeza matunda yake na kudondosha mbegu ndani kabisa ya msitu. Kwa hiyo mnaweza kuwa na mfuniko mzuri ambao nusu yake ni mgeni.

Fanyeni hivi. Tembeeni mita 100 kwa mstari ulionyooka, nje ya njia. Kila mita 10 simameni, mhesabu maotea (miche iliyoota yenyewe) yote yaliyo ndani ya mita 2 kutoka mlipo, mkiandika jina la kila moja. Halafu tajeni miti mikubwa iliyo juu yenu. Kama juu kuna mtambara, msambu na mnyasa, ambayo ni miti ya asili ya huko, na chini mnaiona hiyohiyo katika kimo cha goti, cha mtu na cha fito, msitu unajirudia wenyewe. Kama chini ni iliki, mihesi michanga na vichaka vya lantana, afisa wenu alisema kweli.

Tiba yake si kukata mihesi yote kwa mkupuo. Mwanya mkubwa unaleta jua, na jua linaleta lantana na mihesi mingine mingi kuliko ya kwanza. Tafuteni kwanza mihesi ambayo chini yake kuna maotea ya asili, muiue michache kwa zamu kwa kuibandua gamba kuzunguka shina lote hadi kwenye mbao. Mti unakauka ukiwa umesimama na mwanga unaingia polepole. Msifanye hivyo karibu na njia, maana matawi makavu huanguka bila taarifa, wala msianze bila kibali cha afisa misitu.

Jambo moja kuhusu msambu, kwa sababu wengi wanauza mbegu zake. Una mti dume na mti jike. Dume halizai, basi watu hulikata wakidhani ni tasa. Madume yakiisha, majike nayo yataacha kuzaa.

Swali: Nasoma chuo cha misitu. Nikipata faharasa ya Shannon (namba ya kupimia utofauti wa spishi) iliyo kubwa, naweza kuandika kwamba msitu ni wa asili? (Mwanafunzi, Arusha)

Hapana. Chukua miti 100 ya spishi 10. Kama kila spishi ina miti 10, faharasa ni 2.30. Kama spishi moja ina miti 91 na tisa zilizobaki zina mmojammoja, inashuka hadi 0.50. Inapima wingi wa spishi na mgawanyo wake, basi. Spishi 10 za kigeni zilizopandwa sawasawa zitakupa 2.30 ileile. Kwa hiyo andika pia asilimia ya miti ya asili ya eneo hilo, na uikokotoe kwa eneo la vitako vya mashina (jumla ya eneo la mikato ya mashina) pamoja na idadi, la sivyo miti midogo mingi itameza majitu machache.

Ploti (kipande cha msitu cha kupimia) ya mita 20 kwa 50 inatosha kuanzia, yaani hekta 0.1. Pima kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, mita 1.3 kutoka ardhini. Kwa futi kamba ya kawaida huo ni mzingo wa sentimita 31.4. Mlimani, simama upande wa juu wa mti. Wenye mizizi iliyopanuka shinani upime sentimita 50 juu ya mahali mizizi inapoishia, na uandike kimo ulichopimia.

Mteremko ndio unaoharibu kazi za wanafunzi wengi. Kamba ya mita 50 iliyolala ardhini kwenye mteremko wa nyuzi 30 ni mita 43.3 tu kwa usawa. Ploti yako inakuwa mita za mraba 866 badala ya 1,000, na takwimu zote za hekta zinakosea. Nyoosheni kamba kwa usawa, vipande vifupivifupi.

Kwa matabaka, pita kwenye kamba ya katikati na kila mita 2 uandike kama kuna majani juu ya pointi hiyo katika kimo cha 0–2, 2–5, 5–15, 15–30 na zaidi ya mita 30. Utapata pointi 25. Fito ya mita 5 yenye alama itakusaidia huku chini. Msitu wenye misimu ya kupukutika usiupime kiangazi.

Swali: Msitu wetu ni mbau mtupu. Mgeni mmoja alisema msitu wa mti mmoja umeharibika. Ni kweli? (Msomaji, Mambasa, Kongo)

Si kweli. Misitu ya mbau ya Ituri ni ya asili na ni ya zamani. Mbegu za mbau ni nzito, zinaangukia karibu na mama yao. Miche yake inavumilia giza ambalo miche mingine inashindwa, na majani yake yanaoza polepole hata kuziba ardhi. Dalili ni kwamba utaukuta mbau wa kila umri mahali pamoja, pamoja na magogo yaliyooza. Shamba la miti halina hivyo.

Kwenye msitu wa Budongo, Uganda, mtaalamu wa misitu W. J. Eggeling alionyesha mwaka 1947 kwamba msitu unaoanza una spishi chache, mhesi ukiwemo (kule ni mwenyeji), wa katikati una nyingi kuliko wote, na uliokomaa, unaotawaliwa na mti wa Cynometra alexandri, unapungua tena. Kwa hiyo fananisha msitu na wa aina yake. Mikoko ya Rufiji nayo ina spishi chache tu, na hakuna anayeilaumu.

Swali: Nina misaji hekta 3. Nipande spishi ngapi ili uwe msitu wa asili? (Msomaji, Tanga)

Anza kwa kupunguza kabla ya kupanda. Spishi 10 ukizipanda siku moja zitakupa tabaka moja. Toa misaji kwa mafungu, ukiacha mianya ya ukubwa tofauti. Acha kufyeka chini, na utambue maotea yanayokuja yenyewe. Panda kwenye mianya isiyopata kitu baada ya misimu miwili ya mvua. Safisha barabara ya moto (ukanda uliofyekwa wa kuzuia moto) kabla ya kiangazi, kwani majani makavu ya msaji yanawaka haraka na moto mmoja unarudisha maotea yote mwanzo.