Profesa wa katiba anapoingia siasani: majibu kwa wasomaji

Makala yangu kuhusu Profesa Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria ya katiba aliyekuja kuwa mbunge, waziri na kisha gavana wa kwanza wa kaunti ya Makueni nchini Kenya, yameleta maswali mengi. Najibu matano.

Mtu wa vitabu alifikaje kwa waandamanaji? (Msomaji, Kitui)

Ndugu yangu, aliyokuwa akiwafundisha wanafunzi hayakuonekana nje ya darasa. Kibwana alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi akawa mkuu wa kitivo. Katiba ya siku hizo ilikuwa na viraka tele, na vingi vilimwongezea rais nguvu. Kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa mwaka 1991 vyama vingi vilirudi, lakini mkutano wa hadhara bado uliombewa leseni.

Mwaka 1997 Kibwana alikuwa miongoni mwa viongozi wa NCEC, kamati ya wanaharakati, makasisi na wanasiasa waliodai mageuzi kabla ya uchaguzi. Siku ya Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai mwaka huo, polisi waliwafuata watu kwa gesi ya kutoa machozi hadi ndani ya kanisa kuu la All Saints, Nairobi. Baadaye serikali ilikubali kuzungumza, ila ilizungumza na wabunge. Mapatano yao, yaliyoitwa IPPG, yalilegeza sheria kadhaa kandamizi, na waliokula virungu barabarani wakaachwa mlangoni. Mimi naamini hapo ndipo wanaharakati wengi walipoona kwamba asiye na kiti haitwi mezani. Uchaguzi wa 2002 ulipofika, Kibwana aligombea Makueni kwa tiketi ya NARC, muungano wa vyama vya upinzani, na akashinda.

Alipofika bungeni alifanya makubwa? (Mwanafunzi wa sheria, Eldoret)

Si kwa kiwango nilichotarajia. Aliongoza wizara ya mazingira, kisha ya ardhi. Lakini serikali aliyoitumikia ndiyo iliyoibadilisha rasimu ya katiba iliyotoka kwenye mkutano wa taifa wa Bomas na kuipeleka kwenye kura ya maamuzi ya Novemba 2005, ile ya ndizi (alama ya Ndiyo) na chungwa (alama ya La), na wananchi wakaikataa. Liliniuma kumwona mtu wa katiba upande ule. Mwaka 2007 alipoteza kiti chake, akawa mshauri wa Rais Kibaki katika mambo ya katiba. Katiba mpya ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010.

Ni kweli gavana huyo alitaka serikali yake mwenyewe ivunjwe? (Msomaji, Wote)

Kweli kabisa, na kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake ya siasa.

Baada ya uchaguzi wa 2013, gavana na wawakilishi wadi walishikana mashati juu ya bajeti. Hakuna aliyekubali kulegeza, na miradi ikakwama. Septemba 2014 ugomvi huo ulifikia kufyatuliana risasi pale mjini Wote, makao makuu ya kaunti, na watu kadhaa wakajeruhiwa. Wewe uliye huko unakumbuka hofu iliyotanda.

Ibara ya 192 ya Katiba inaruhusu serikali ya kaunti kusimamishwa. Njia yake ni ndefu kwa makusudi: sheria inataka wapigakura wasiopungua asilimia 10 watie sahihi ombi, tume huru ichunguze, rais aridhike, na Seneti iidhinishe. Ikishasimamishwa, uchaguzi unaitishwa upya. Wananchi wa Makueni walikusanya sahihi, na Kibwana akawaunga mkono, akijua kiti chake kingeondoka pamoja na vya wapinzani wake. Tume iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga ilipendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa.

Basi wakarudi kazini pamoja, wale wale. Hapo ndipo Makueni ilipoanza kutajwa kwa mazuri. Mikutano ya kuchagua miradi ilianzia kijijini, ikapanda hadi wadi na kaunti. Kila mradi ulikuwa na kamati iliyochaguliwa na wakazi wenyewe, na mkandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo itie sahihi kwamba kazi imefanyika. Hebu fikiria: mama wa kijijini, kalamu mkononi, anazunguka darasa jipya, anagusa ukuta, anatazama paa, na mkandarasi amesimama kando akingoja neno lake. Nimesoma vitabu vingi juu ya mamlaka ya wananchi, lakini sijaona maelezo ya Ibara ya 1, inayosema mamlaka yote ni ya wananchi, yanayoshinda hayo.

Kulikuwa pia na MakueniCare: shilingi 500 kwa mwaka, na familia nzima inatibiwa katika hospitali za kaunti. Kiwanda cha kusindika maembe kikajengwa Kalamba, mahali ambapo wakulima walizoea kuyaona matunda yakiozea chini ya miti au kuyauza kwa bei ya dalali.

Mbona Kais Saied wa Tunisia, naye mwalimu wa katiba, amefanya kinyume? (Msomaji, Dar es Salaam)

Saied alifundisha sheria ya katiba kwa miaka mingi na akachaguliwa rais mwaka 2019 kwa kura nyingi mno. Tarehe 25 Julai 2021 alimfukuza waziri mkuu na kulisimamisha bunge, akitaja Ibara ya 80 ya katiba ya Tunisia ya wakati huo. Ibara hiyo hiyo ilisema bunge litahesabiwa kuwa linaendelea na kikao wakati wote wa hali ya hatari. Mwalimu aliijua sentensi hiyo kuliko mtu yeyote pale Tunis. Mahakama ya katiba ya kumzuia ilikuwa haijaundwa. Mwaka mmoja baadaye akapata katiba mpya inayompa rais nguvu zaidi. Kwa hiyo ndugu, usimpe mtu kura kwa sababu ya shahada. Muulize alifanya nini siku ile katiba ilipotaka kumgharimu yeye.

Ikiwa alifanya mema, kwa nini alishindwa useneta 2022? (Msomaji, Mombasa)

Muhula wake wa pili wa ugavana ulikwisha, na Katiba hairuhusu wa tatu. Akaomba useneta, akashindwa na Daniel Maanzo wa chama cha Wiper. Ukambani, eneo la Wakamba ambamo Makueni imo, chama hicho kina mizizi mirefu, na Kibwana alikuwa amekosana na kiongozi wake, Kalonzo Musyoka. Kibwana aliyegombea kwa tiketi ya Wiper mwaka 2017 na Kibwana aliyegombea nje ya Wiper hawakupata kura sawa. Nilisikitika, lakini watu wa Makueni walipiga kura yao kwa haki ile ile aliyoipigania mwaka 1997.