Kijana amepata C na alitaka uhandisi: pigeni hesabu kabla ya kuamua arudie

Dada wa Umoja, umesema kijana wako amepata C kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, alilenga uhandisi, tangu matokeo yatoke hataki kukaa na watu, na baba yake ameshaamua arudie kidato cha nne. Mimi pia nilipata C. Leo najenga barabara hapa hapa Nairobi, na shahada ninayo.

Anza na simu. Waziri akishatangaza tu, ukoo mzima unakumbuka kwamba una mtahiniwa nyumbani. Kwetu Kariobangi dada yangu mkubwa alizishika simu zote, na kila aliyepiga alijibiwa, "Yametoka, tunashukuru Mungu, tutawapigia." Shangazi mmoja alisisitiza aambiwe gredi, akajibiwa vivyo hivyo. Siwezi kueleza nilivyopumua. Mfanyie kijana hivyo, lakini usimwache peke yake muda mrefu. Akitamka kwamba haoni haja ya kuishi, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, mambo ya vyuo yangoje.

Akitulia, kaeni na karatasi ya matokeo. A ni pointi 12, A- ni 11, mnashuka hivyo mpaka E yenye 1. Tangu 2023 zinajumlishwa hisabati, lugha moja aliyofanya vyema zaidi, na masomo mengine matano bora, jumla kamili 84. C+ ya kuingilia chuo kikuu inaanzia 46. C ni kuanzia 39 hadi 45, kwa hiyo C na C si sawa hata kidogo! Mwenye 45 amekosa kwa pointi moja. Huyo aombe kusahihishwa upya kupitia kwa mwalimu mkuu, na mapema, kwa sababu muda wa maombi ni mfupi. Mwenye 39 asipoteze pesa huko.

Kurudia kunafaa kwa mtoto aliyeugua au aliyekaa nyumbani kwa karo. Kama alisoma mwaka mzima bila tatizo, sioni mwaka wa pili wa masomo yale yale utampa nini ambacho diploma haitampa.

Na diploma ya uhandisi ni uhandisi kwelikweli. KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, huwapanga wa diploma pia, kuanzia C-, ila kila kozi ina masharti yake, na hizi za uhandisi hutazama sana hisabati na fizikia. Kabete National Polytechnic iko hapo Waiyaki Way, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, vijana wa vyuo vya ufundi nao huomba. Mimi nilipomaliza diploma nilifanya kazi kwanza, kisha chuo kikuu kikanipokea kwa cheti hicho, na baadhi ya masomo sikurudia. Njia ni ndefu zaidi, lakini nilipoingia darasani nilikuwa nimeshashika zege kwa mikono yangu, na mihadhara ilinielea.

Wiki hizi pia mtapata vikaratasi vya vyuo vya ghorofani pale katikati ya mji, vinavyoahidi nafasi papo hapo. Msilipe hata shilingi kabla ya kuhakikisha chuo na kozi yenyewe vimeidhinishwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi.

Niandikie hapa gredi zake somo kwa somo, hasa hisabati, fizikia na kemia, nikutajie kozi ambazo ningeziweka juu kwenye maombi yake.