Mabati sita

Mwanangu,

Sisi hapa Tororo ni wazima, ila mama yako goti linamsumbua tangu mvua zianze.

Jumapili uliponipigia uliniuliza swali nikababaika, nikasingizia mtandao. Ulisema: "Baba, wewe kweli unaamini nchi hii ya Uganda itakuwa nzuri, au huwa mnatuambia tu ili tusikate tamaa?" Ukanieleza kwamba katika nyumba mnayopanga mko wanne, wenzako watatu wameshapata pasipoti na wanangoja viza za Dubai, na kila jioni maneno ni hayo hayo: hapa hapana kitu, wenye nchi wameshagawana. Na shule unayofundisha haijakulipa miezi mitatu. Nimelibeba swali lako wiki nzima.

Kwanza nikurudishe mwaka 1987. Najua habari hii umeisikia, lakini umeisikia kwa mama yako, naye huimaliza kwa kicheko. Mimi haijawahi kunichekesha.

Nilikuwa na miaka 28, umri wako huu huu. Karani wa mizigo, tunaishi kota za reli, kaka yako mkubwa ananyonya. Serikali mpya ilikuwa imeingia Januari 1986, na mimi nilikuwa mtu wa matumaini, mwanangu, matumaini ya kweli. Tulikuwa tumeona mapinduzi ya 1971, tumeona vita ya 1979, tumeona mapinduzi mengine Julai 1985. Sukari na sabuni tulikuwa tukizipata kwa magendo kupitia mpaka wa Malaba. Nikajiambia: sasa basi, yamekwisha. Barabara zitatengenezwa, viwanda vitafunguliwa, bei zitashuka.

Wakati huo nilikuwa na fedha ya mabati ishirini. Niliiweka katika mkebe wa maziwa ya unga, juu ya kabati, karibu na taa, hata noti zikanuka mafuta ya taa. Kile kiwanja cha babu yako, unakijua, kilikuwa wazi. Mama yako akaniambia, "Nunua mabati sasa." Nikamwambia subiri, bei itashuka, mwaka mmoja tu tutapata thelathini kwa fedha ile ile. Akanijibu neno ambalo mpaka leo lingali sikioni mwangu: "Kesho itakuwa mbaya kuliko leo, ndiyo maana nataka kununua leo."

Unamjua mama yako. Sijawahi kumsikia akiisifu kesho. Basi huyo mwenye kukata tamaa akaanza kufyatua matofali. Yeye na shangazi yako, jioni baada ya kuuza mandazi, wanakanyaga udongo kwa miguu, kibao kimoja cha kufyatulia tunachokiazima. Mimi mwenye matumaini nilikuwa nimekaa na redio.

Usiku mmoja nilitoka zamu, mvua inanyesha, nikamkuta nje peke yake anafunika tanuru. Moto ulikuwa umeshawashwa, moshi unatoka kwenye nyufa za udongo, na yeye anatandaza nyasi juu na mabati mabovu ya kuazima. Palipobaki wazi alikuwa ametandika koti langu la mvua, koti la kazini, lile lenye vifungo vya reli. Ukingo wake mmoja ulikuwa umeanza kuyeyuka. Nilimgombeza kwa ajili ya koti, mwanangu. Badala ya kushika nyasi, nilimgombeza.

Mei 1987 ikatangazwa kwamba fedha inabadilishwa. Sifuri mbili zikafutwa, shilingi mia za zamani zikawa shilingi moja mpya. Hilo peke yake lisingetuumiza, maana na bei nazo zingefutwa sifuri. Lakini serikali ikakata asilimia 30 juu yake. Kwa kila laki moja uliyopeleka ulirudishiwa mia saba. Nilipanga foleni benki tangu alfajiri, mkebe kwapani. Karani akahesabu noti zangu, akapiga muhuri, hakunitazama usoni. Nikatoka na noti mpya zilizogandana, nikaenda moja kwa moja dukani kwa mabati. Bei haikuwa imenisubiri. Nilipata sita.

Sita hayafuniki hata chumba. Yakaezeka jiko, lile jiko lenu la kujifichia mvua, na nyumba kubwa ikabaki ya nyasi mpaka 1994. Kuta zilikuwepo, kwa sababu matofali hayabadilishwi benki. Wazee walisema akiba haiozi. Yangu ilioza.

Ndiyo maana siku zote nawaambia: mtu usimsikilize anavyosema juu ya kesho, mtazame mkono wake unashika nini. Najua mmechoka kuisikia, lakini kwangu si methali ya kukariri, niliilipia mabati kumi na manne.

Sasa wewe unaniuliza kama naamini. Ningeweza kukujibu ndiyo, na ningekuwa mkweli. Lakini mwaka 1986 niliamini kuliko ninavyoamini leo, na imani ile ndiyo iliyonikalisha kitini. Mama yako hakuamini hata kidogo, na yeye ndiye aliyejenga. Hapo ndipo ninaposhindwa kukupa jibu fupi.

Ingawa nikijipinga mwenyewe, naona si kweli kwamba hakuamini. Mtu asiyeamini kabisa hachomi tanuru. Angefunga mizigo na mtoto mgongoni arudi kwao Mbale. Au labda ilikuwa hofu tu, na hofu nayo hujenga, sijui. Nimemuuliza jana akichambua maharagwe. Akasema, "Mlikuwa mnahitaji pa kulala." Akaendelea na maharagwe.

Nawafikiria hao wenzako, na siwezi kuwaita wavivu wa moyo kama wanavyosemwa na wazee wa rika langu pale stesheni. Hatukuwahi kuwa wengi hivi. Sensa ya 2024 imehesabu watu karibu milioni 46, na ile ya 2014 ilikuwa milioni 34 na kitu. Nafasi za kazi hazikukua hivyo. Tena shule zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022. Mdogo wako alikuwa na miaka kumi na mitano. Aliweka daftari zake kwenye mfuko wa plastiki zisiingie vumbi, akasema atazitoa zikifunguliwa. Zilipofunguliwa alikuwa ameshazoea hela ya bodaboda. Huo mfuko bado uko chini ya kitanda. Mtoto kama huyo akiniambia hana imani na kesho, nitamkemea kwa lipi? Aliamini, akangoja, kama mimi na mkebe wangu.

Lakini wewe nakutazama mkono. Ulipojaza fomu ya chuo ukaandika Kiswahili, mjomba wako alikaribia kulia. Alisema hiyo ni lugha ya kambi za jeshi, lugha ya watu waliotugongea milango usiku wakisema "fungua". Hakudanganya, ndivyo wengi Uganda walivyoijua. Ukaniambia, "Baba, itahitajika." Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Siku ile nililala nikicheka peke yangu. Najua kupitisha ni jambo moja na kulipa walimu ni jingine. Miezi yako mitatu inanikumbusha. Lakini hayo si maneno ya mtu asiyeiona kesho, hata kama jioni unakaa na wenzako mnaitukana.

Uliniuliza pia, kwa kuzunguka, kama nitakasirika ukiwafuata Dubai. Ulimi unaniwasha. Nimeandika sentensi hapa nikaifuta mara mbili. Sitasema nenda, wala sitasema baki. Nilishawahi kumpangia mtu asubiri mwaka mmoja, unajua yaliyotokea. Neno moja tu utaniruhusu: hiyo miezi mitatu idai kwa maandishi, na nakala ya barua ubaki nayo.

Nitafutie bei ya bati huko Kampala, geji 30, rangi yoyote. Jiko linavuja upande wa dirisha, yale sita yamekula kutu kwenye misumari, na mama yako hatimaye amekubali yaondolewe. Niambie kabla ya Ijumaa. Safari hii sitangoja bei.

Baba yako