Shangazi, nisaini hii karatasi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Pasua hapa Moshi. Mume wangu alikuwa fundi gereji. Mwezi uliopita alikuwa anarudi nyumbani na baiskeli, lori likamfuata upande wake likamgonga, akafia pale pale. Dereva amefikishwa mahakamani. Juzi mwenye lori alikuja na watu wawili na shilingi milioni 2, anataka nisaini kwamba tumemalizana. Shemeji anasema nichukue, na fedha azishike yeye kwa kuwa ndiye mkubwa. Nauza ndizi Mbuyuni, mtaji wote umeishia msibani. Kodi ni 70,000 kwa mwezi, vikoba wananidai 400,000, rambirambi zimebaki 900,000. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usisaini.

Nalitanguliza hilo kwa sababu mimi nilisaini. Baba watoto wangu aligongwa Arusha, na siku ya nne baada ya kuzika nilikuwa bado nimekaa mkekani, mtoto amelala mapajani. Mtu wa mwenye gari akapiga goti kwa heshima, akaniwekea karatasi juu ya sinia la chai, akanipa na kalamu. Laki 8. Sikusoma. Miezi saba baadaye nilipokwenda kudai bima, walinitolea karatasi ile ile. Ilikuwa na duara la kikombe cha chai pembeni, na chini sahihi yangu. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Kesi ya dereva ni ya Jamhuri. Akitozwa faini, ile faini ni adhabu inayokwenda serikalini, si malipo yako. Fidia yako ni dai jingine kabisa, na bima ya gari inahusika hapo: kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima ya mtu wa tatu, na wa tatu ndiye marehemu wetu. Nenda kituo cha polisi kilichoshika ajali, kwa askari wa usalama barabarani. Omba PF 90, yaani fomu ya polisi ya taarifa ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa lori na ramani ya ajali. Andika namba ya lori. Kwa namba hiyo mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, unaonyesha gari limekatiwa bima kampuni gani. Kampuni ikikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Usikae na madai haya, maana yana ukomo wa muda.

Cheti cha kifo kinatoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Ukishakipata, ukoo ukae kikao, muhtasari uandikwe, mfungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Shemeji yako nisingemgombeza, huenda ana nia njema. Lakini mjane anaweza kuwa msimamizi wa mirathi, na hata akiwa yeye, msimamizi si mwenye mali. Mahakama itamdai hesabu. Na fidia ya kifo sheria imewataja wanaostahili: mwenzi, watoto na wazazi wa marehemu. Kaka hayumo. Mama mkwe yumo kama yuko hai, usimsahau.

Kama gereji ilikuwa inamkatia michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, peleka huko namba yake ya uanachama, waulize mafao ya wategemezi. Wengi huacha hela hizo kwa kutojua tu.

Sasa ile 900,000. Najua mkono unawasha kulipa vikoba ili upumue. Subiri kidogo. Toa kwanza kodi ya miezi mitatu, 210,000, kisha urudishe mtaji wa ndizi, hata 250,000, kwa sababu meza ya Mbuyuni ndiyo itakayowalisha wakati bima inajivuta. Vikoba nenda mwenyewe kwenye kikao chao, usisubiri wakufuate. Uliza mfuko wa jamii unatoa nini kwa aliyefiwa, omba marejesho madogo. Watoto wakiwa shule ya serikali ada haipo, bali daftari na sare zitakufuata mwezi Januari. Ficha 100,000 pasipofikika na mtu. Mimi niliweka kwenye debe la unga, shemeji zangu wakaliona. Weka benki.

Kwa karatasi za mahakama na bima, usiende peke yako. Hapo Moshi KWIECO wanasaidia wanawake kwenye mambo ya sheria. Wapelekee kila kitu ulichonacho, pamoja na daftari la rambirambi.

Mwenye lori akirudi, mkaribishe kiti. Akitaka kukufariji kwa fedha, aandikwe kwenye daftari kama waombolezaji wengine. Karatasi yake mwambie aiache uisomewe na wanaojua sheria. Akikataa kuiacha, aondoke nayo.