Ukuta uanze kupimwa kwa jeneza

Mhariri, assalamu alaykum.

Swali lenu la wiki linauliza: ukuta wa kuzungushia nyumba, urefu wake na pahala pake aamue nani, mwenye nyumba, sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) au baraza la mji? Mimi ni fundi mwashi. Nimeanza kushika mwiko mwaka 1987, chini ya ami yangu, na kuta nilizojenga hapa Unguja, kuanzia Fuoni na Tomondo mpaka Bububu, sina hesabu yake. Jibu langu ni hili: urefu muachieni mwenye nyumba, kwa kiasi. Pahala ukuta unaposimama pasiwe uamuzi wake peke yake. Hapo aulizwe sheha, waulizwe majirani, na waulizwe kabla ya msingi kuchimbwa.

Naandika kwa sababu ya ukuta mmoja nilioujenga mwenyewe.

Tajiri wangu wa kazi ile hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo tunasalimiana vizuri. Kiwanja chake kilikatwa kutoka katika eka tatu ya zamani, yaani shamba walilogaiwa watu baada ya Mapinduzi, hakikupita kwa mpimaji, mipaka yake ni mnazi huku na mbono kule. Upande mmoja palikuwa na njia ya miguu, ya tangu huko nyuma watu walipokuwa wakienda kuvuna mihogo. Nilipofunga kamba nikamuuliza, "Tajiri, na njia hii?" Akaniambia, "Fundi, mkataba wangu unasema mpaka kwenye mbono ule." Mbono wenyewe ulikuwa ng'ambo ya pili ya njia. Mkataba kweli ulisema hivyo. Nikamuomba arudi ndani kidogo, akakubali kuacha futi 3 na nusu, kiasi cha mtu kupita na baiskeli yake, na mimi nikaona nimefanya wema. Jumamosi tukachimba, Jumapili tukapandisha kozi nne, yaani safu nne za matofali, Jumatano ukuta ukafika kozi saba. Hakuna aliyekuja kuuliza kitu. Siku za mapumziko ofisi zimefungwa, na kuta nyingi za mitaani kwetu zimezaliwa siku hizo.

Baada ya miaka minne akafariki bibi mmoja aliyekuwa akikaa nyuma ya nyumba ile. Nilikuwemo katika waliombeba.

Jeneza si pana, nililolipima mimi halifiki futi mbili na nusu. Lakini linakwenda mabegani mwa watu, mbele kulia na kushoto, nyuma kulia na kushoto, na ubavuni wapo wengine wanaongojea kupokea, maana kwetu kila mtu anataka kupata hatua zake tatu nne kisha ampishe mwenziwe. Tulipoingia kwenye kichochoro, waliokuwa kulia wakabanwa na ukuta. Kijana mmoja akakwaruzika kiko cha mkono mpaka damu. Tukalishusha jeneza usawa wa kiuno, wakabaki watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wengine wakasimama. Tulipofika kwenye pembe halikugeuka. Tukalirudisha nyuma, tukajaribu kulipeleka kwa ubavu, halikugeuka. Ikabidi upande wa mbele unyanyuliwe juu ya ukuta kwa mikono iliyonyooshwa, jeneza limeinama, na mwanawe mkubwa ameishika shuka ya juu kwa mikono miwili isiteleze. Tahlili ilikatika. Ubavu wa jeneza ulikuwa ukisugua tofali la kozi ya juu ambalo nalijua, kwa sababu lilikuja limevunjika pembe na mimi ndiye niliyelijaza saruji.

Tajiri wangu naye alikuwa mle, amelishikilia jeneza kutokea ndani ya ukuta wake.

Siku chache baadae mwalimu wetu msikitini, bila ya kumtaja mtu, alitukumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu watu wakizozana juu ya njia iachwe dhiraa saba. Nilikuwa nimeisikia tangu chuo cha Kurani, sikuwahi kuifanyia hesabu. Dhiraa ni kutoka kwenye kiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Yangu ni nchi 18. Mara saba ni futi 10 na nusu. Katika futi 10 na nusu jeneza linapita na wabebaji wake na wapokezi wake, gari la ng'ombe linapita na mchanga wake, gari la kunyonya karo la choo linapita. Kipimo hiki kipo kwetu siku zote, tunakisoma kwenye darsa, na mkononi tunashika futi kamba kupimia kitu chengine.

Sasa nirudi kwenye swali. Mwenye nyumba atasema ardhi ni yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa kuwa ya umma, na sheria ya ardhi ya mwaka 1992 inampa mtu haki ya kuitumia. Haki hiyo ni kubwa, ina thamani, inarithiwa, simnyimi mtu. Lakini eka tatu zilitolewa kwa ajili ya kulima, na hazikutolewa ili zikatwekatwe viwanja. Zilipokatwa hapakuwa na mtu aliyechora njia. Kila aliyeuza aliuza mpaka kwenye mti, na kila aliyenunua alijenga mpaka kwenye mti. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 391,002 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022 imehesabu 893,169. Watu hao wote wanataka nyumba, na kila nyumba inataka ukuta, na njia ni zile zile za wavuna mihogo.

Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, na mwaka 2000 uliingia katika urithi wa dunia. Kule nimefanya kazi ya chokaa, na kabla ya kugusa ukuta wa mtu kibali kinatakiwa. Hata saruji huruhusiwi kuipaka ovyo juu ya mawe ya matumbawe, kwa sababu inafungia unyevu ndani na lipu inaanguka vipande vipande. Naiona ni sawa kabisa. Lakini vichochoro vya Mji Mkongwe vilishajengwa, havitahama. Vya Fuoni vinajengwa leo, kila Jumamosi, na ndivyo vinavyohitaji jicho.

Nikiwa mtoto, kwa bibi yangu Donge, ua ulikuwa wa makuti. Vijana hawalijui tena kuti la kumba. Kuti zima la mnazi linapasuliwa katikati kwa urefu, kisha kila nusu inasukwa majani yake yakashikana, na hilo ndilo la ua. Makuti ya viungo ni ya kuezekea, ni kazi nyengine. Wanawake walikuwa wakisuka pamoja uani, na ua ulipochakaa baada ya masika mawili matatu unabadilishwa. Kila ukibadilishwa, jirani yupo, anaona kigingi kinachimbiwa wapi. Kama umesogea nchi sita atasema pale pale, na kigingi kinang'olewa bila ya hasara. Na palikuwa na upenyo kila baina ya nyumba mbili, wanawake wakipita kwenda kuombana chumvi au kuangalia mzazi, bila ya kutoka barabarani. Sisemi turudi kwenye makuti. Nazi zenyewe ziko wapi, na mwizi leo hazuiliwi na kuti. Nasema ua ule ulikuwa ukiulizwa upya kila baada ya muda, na ukuta wa matofali hauulizwi tena mpaka siku ya maiti.

Ndiyo maana nataka sheha na majirani waitwe siku ya kamba, kabla ya siku ya msingi. Kamba ikishafungwa kwenye vigingi, watu wa nyumba zote zinazopakana waje waione, waandike majina yao kwenye karatasi moja, sheha apige muhuri, na karatasi hiyo iende pamoja na maombi ya kibali cha ujenzi. Tajiri zangu wengi wanaomba kibali cha nyumba, ukuta unakuja baada ya miaka miwili mitatu, pesa zikipatikana, na wao wanaona kibali kile kile kinatosha. Akienda mtu mahkama ya ardhi baada ya ukuta kusimama, kesi inachukua muda, matofali yanakauka, na ujirani unakauka nao. Kamba inahamishwa kwa dakika tano.

Na sisi mafundi tukatae. Hili nawaambia wenzangu kwa dhati. Fundi ndiye mtu wa mwanzo kuiona njia, kwa sababu ndiye anayesimama juu yake akichimba. Tukisema hatuchimbi mpaka karatasi ya sheha ije, tajiri atakwenda kuitafuta.

Kuna maji pia, na hapa ndipo ninapoona kuta zetu zinavyowaumiza watu wasiozijua. Ukuta uliokatiza bondeni ni bwawa. Mvua ya masika inashuka kutoka viwanja vya juu, zamani ilikuwa ikipita chini ya makuti na kwenda zake, sasa inagonga tofali, inapanda, inageuka na kuingia chumbani kwa mtu wa upande wa pili ambaye hana habari. Au inalowesha msingi siku tatu, ukuta unalala. Nimeuona ukuta wa kozi kumi umelala wote kwa mara moja kama mlango, futi 40, asubuhi ya saa kumi na mbili, kabla ya watoto kutoka kwenda skuli. Haukuwa na nguzo hata moja kati ya pembe na pembe. Serikali imechimba mitaro mikubwa mjini, nashukuru, lakini mtaro hausaidii kama maji hayafiki kwake. Dawa yake ni ndogo sana: kwenye kozi ya mwanzo juu ya ardhi unaacha tundu la nchi nne kila baada ya futi sita, na nguzo ya zege kila futi kumi. Gharama ya tundu ni tofali usilolinunua. Kibali kikitolewa kwa ukuta, hili liwe limeandikwa humo kwa maneno ya Kiswahili anayoyafahamu fundi.

Kuhusu urefu, nawaomba wanaotunga kanuni wasiige miji ya watu wengine kwa kutaka kuta fupi za kuoneana. Nyumba zetu zina sitara. Mwanamke anapika uani, anafua, anajitwaharisha, ana haki ya kutotazamwa na mpita njia. Kozi tisa zinatosha: tofali la nchi tisa, pamoja na saruji ya nusu nchi, mara tisa, ni futi 7 na kidogo, na hakuna mtu anayepita kwa miguu atakayechungulia. Anayetaka kuzidisha, kozi za juu atie matofali yenye matundu, yale ya urembo, ili kaskazi na kusi zipite. Jirani naye anahitaji upepo, na wengine vyumba vyao vimeshakuwa tanuri. Seng'enge na vipande vya chupa visielekee njiani. Na penye njia panda, futi kumi za mwanzo kila upande ziwe kozi nne tu, kwa sababu bodaboda haimuoni mtoto nyuma ya pembe ya kozi tisa. Hili la pembe naliona ni la lazima kuliko yote ya urefu.

Na ukuta wote uwe ndani ya kiwanja chako, pamoja na msingi wake. Msingi ni mpana kuliko ukuta, na mara nyingi ukuta uko kwako lakini nusu ya msingi imelala kwa jirani, siku akichimba karo lake anaukuta. Kama ndani ya ukuta wako kuna mwembe wa mtu mwengine, maana kwetu mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe, mwachie mlango afike kwenye mti wake.

Ukuta wangu ule nilikwenda kumuona tajiri baada ya arubaini ya yule bibi. Sikujua nianzie wapi. Yeye ndiye aliyeanza, akaniuliza, "Fundi, ile pembe inavunjika bila ya kuutia ufa ukuta mzima?" Nikamwambia inavunjika. Njia nzima hakukubali kuiachia, na mimi sina mkataba wa kumlazimisha. Tuliikata pembe kwa mshazari, futi sita kila upande, mimi kwa mikono yangu bila ya malipo, tukatia nguzo mbili mpya na matundu ya maji ambayo mwanzo sikuyatia. Pale kwenye pembe sasa pana futi 7 na nchi 8. Kichochoro chenyewe bado ni futi 3 na nusu. Matofali 30 yalitoka mazima, tukayajengea baraza nje ya lango lake, upande usiokuwa na njia.