Fundi wa Kompyuta Anajibu: Mashine Zinaitikia, Kazi Haiendi

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeunganisha kompyuta nne kwa swichi moja ili niendeshe programu ya kukokotoa jinsi joto linavyosambaa kwenye bamba la chuma. Zote zina mfumo wa Ubuntu na MPICH, programu inayowezesha mashine kutumiana ujumbe kwa kanuni ya MPI. Kompyuta kiongozi nimeipa anwani 192.168.10.1, na nyingine tatu, yaani n1, n2 na n3, zinafuatia. Ping inafika kote na SSH, njia ya kuingia mashine nyingine kwa mtandao, inaingia bila kuuliza neno la siri. Nikiagiza amri ya hostname iendeshwe kwenye zote nne, majina yote yanarudi. Lakini programu yenyewe nikiiwasha inakufa papo hapo kwa ujumbe kwamba muunganisho umekataliwa. Nimeshaifuta MPICH na kuiweka upya, hali ni ile ile. Nifanyeje?
Mwanafunzi wa fizikia

JIBU: Marahaba. MPICH yako ni nzima, usiifute tena. Ulichoniandikia kinatosha kunionyesha pa kutazama, hasa hilo la majina kurudi vizuri.

Amri ya hostname haizitaki mashine zizungumze zenyewe kwa zenyewe. Kiongozi anaingia kwenye kila moja kwa SSH, mashine inataja jina lake, basi. Programu yako ya joto ni habari nyingine kabisa. Bamba umeligawa vipande, kila mchakato, yaani nakala ya programu inayoendeshwa, una kipande chake, na katika kila hatua ya hesabu mchakato lazima ubadilishane namba za mpakani na jirani yake. Kipande kilicho n1 kinamtafuta mwenzake wa n2 moja kwa moja, bila kupitia kwa kiongozi. Njia hiyo ya n1 kwenda n2 hujaijaribu hata mara moja. Barua nyingi ninazopokea kuhusu klasta, yaani kompyuta zilizounganishwa zifanye kazi moja, zina pengo hili hili: mtu amejaribu kila kitu kutoka kwa kiongozi kwenda kwa wengine, akaridhika.

Sasa ingia n1, fungua faili la /etc/hosts. Nategemea utakuta hivi:

127.0.0.1 localhost
127.0.1.1 n1
192.168.10.1 kiongozi
192.168.10.3 n2

Mstari wa pili ndio unaokutesa. Debian, na Ubuntu iliyotokana nayo, huuandika wenyewe wakati wa kusakinisha mfumo, ili jina la mashine liwe na anwani hata kama hakuna mtandao. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja hauna neno. Kwenye klasta ni balaa. Mchakato ulio n1 ukiuliza jina la mashine yake lina anwani gani, unajibiwa 127.0.1.1, nao unaitangaza hiyo kwa wenzake wote. Na anwani yoyote inayoanza na 127 humaanisha mashine hii hii niliyomo. Kwa hiyo n2 ikijaribu kuipigia n1, inabisha hodi kwenye mlango wake yenyewe, na hakuna anayeitika.

Usichukue neno langu tu, hakikisha. Kwenye kila mashine, andika:

getent hosts $(hostname)

Jibu linalotakiwa ni anwani ya 192.168.10. Ukiona 127.0.1.1, futa mstari huo. Ule wa 127.0.0.1 wenye localhost usiuguse, maana programu nyingi zinautegemea. Halafu hakikisha mistari minne ya majina na anwani iko sawasawa kwenye mashine zote, na kila moja inajitaja yenyewe kwa anwani ile ile ambayo wengine wanaijua. Mimi sihariri mafaili manne kwa mkono. Naandika moja kwa kiongozi, nalinakili lilivyo kwenda kwa wengine. Tarakimu moja ikikosewa kwenye mashine ya tatu inaweza kukulia wiki nzima, kwa sababu kila kitu kitakwenda vizuri mpaka siku kazi itakapoangukia mashine hiyo.

Ukimaliza, jaribu kila jozi, kwenda na kurudi. Ukiwa kwa kiongozi:

for a in kiongozi n1 n2 n3; do for b in kiongozi n1 n2 n3; do ssh $a ssh $b hostname; done; done

Unapaswa kupata majina 16 bila swali lolote katikati. Palipokatika ndipo penye ugonjwa.

Bado kuna ukuta wa moto (firewall), programu inayozuia miunganisho isiyoruhusiwa. Ping kufika na SSH kuingia si ushahidi kwamba ukuta haukuzuii. SSH kwa kawaida hutumia poti 22, yaani mlango wenye namba hiyo, ila michakato ya MPI huchukua poti zozote ambazo mfumo unazigawa wakati huo, na ukiendesha tena zinakuwa nyingine. Ukifungua 22 peke yake, ping na SSH zitakwenda huku programu ikikwama. Ruhusu mtandao wote wa ndani, kwenye kila mashine:

sudo ufw allow from 192.168.10.0/24

Hili ni salama iwapo swichi yako ni ya klasta tu. Kama kiongozi ana kadi ya pili inayokwenda kwenye intaneti, upande huo uache umefungwa.

SWALI: Fundi, nimetengeneza ufunguo kwa ssh-keygen, nimeupeleka kwa ssh-copy-id kwenye mashine zote, lakini mbili kati yake bado zinadai neno la siri. Na hata zile zinazokubali, nikiendesha kazi naambiwa programu haipo, ilhali nikiingia mwenyewe naiona. Nimechoka kwa kweli.
Msimamizi wa maabara

JIBU: Pole, ni mambo mawili tofauti yaliyokukuta kwa wakati mmoja.

La kwanza ni ruhusa za mafaili. Seva ya SSH haiuamini ufunguo uliowekwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuandika. Folda ya nyumbani ikiwa wazi kwa kundi zima kuandika, ufunguo unapuuzwa kimya kimya, nawe unaulizwa neno la siri kana kwamba hujaweka kitu. Kwenye hizo mashine mbili:

chmod go-w ~
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys

Ikikataa bado, soma logi ya seva ya SSH kwenye mashine inayokataa. Sababu imeandikwa hapo waziwazi, wakati upande wako unaambiwa tu kwamba umekataliwa.

La pili linasumbua watu wengi sana. Ukiingia mwenyewe kwa SSH unapata ganda (shell) la maingiliano, yaani linalopokea amri unazoandika, na .bashrc, faili lake la mipangilio, inasomwa yote. Kazi ikirushwa na mpirun, amri ya kuanzisha programu kwenye mashine zote, ganda halina mtu, na .bashrc inayokuja na Ubuntu ina mistari michache juu kabisa inayosema: kama hakuna mtu, ishia hapa. Ukiwa umeandika PATH yako, yaani orodha ya folda ambamo programu hutafutwa, chini ya mistari hiyo, haisomwi kamwe. Ipandishe juu yake. Kisha linganisha:

ssh n2 'echo $PATH'

na unachokiona ukiingia n2 na kuandika echo $PATH. Alama za nukuu ziwe hizo moja moja. Ukiweka zile za mbili, PATH itakayochapishwa ni ya mashine uliyokaa, nawe utadhani mambo yamekaa sawa.

Na kama folda ya nyumbani inatoka sehemu moja kwa NFS, mfumo wa kushirikisha folda kwa mtandao, huhitaji kupeleka ufunguo popote. Uongeze kwenye authorized_keys yako mwenyewe mara moja, kila mashine itauona. Ila namba ya mtumiaji, UID, lazima iwe ile ile kote. NFS ya kawaida haiangalii jina lako, inaangalia namba.

SWALI: Natumia Open MPI, programu ya aina moja na MPICH, kwenye mashine sita. Ujumbe mdogo unapita. Nikituma safu kubwa ya namba, programu inaganda bila kosa lolote, na nikitazama prosesa naona zinafanya kazi kwa asilimia 100. Je, kumbukumbu imejaa?
Msomaji wa safu hii

JIBU: Hapana, na hizo asilimia 100 zisikudanganye. Mchakato wa Open MPI unaposubiri ujumbe haulali, unazunguka ukiuliza umefika au bado. Unaonekana uko kazini kumbe umekwama.

Dogo kupita na kubwa kuganda ni dalili ninayoifurahia, kwa sababu inapunguza sana pa kutafuta. Tazama MTU kwanza, yaani ukubwa wa pakiti ambayo kadi ya mtandao inakubali. Kawaida ni baiti 1500. Watu wakitaka kasi huipandisha hadi 9000, na hapo ndipo shida huanzia: kadi za mashine zimepandishwa, lakini swichi yenyewe haikuwekwa ikubali pakiti kubwa. Pakiti ndogo zinapita kote. Kubwa inatupwa njiani, inatumwa tena, inatupwa tena. Kama kadi zako zimepandishwa hadi 9000, pima hivi:

ping -M do -s 8972 n4

Namba 8972 ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya pakiti, na -M do inakataza pakiti isikatwe vipande. Ikigoma huku ping ya kawaida inakwenda, umeshapata jibu. Rudisha zote kwenye 1500, kazi iende, halafu ndiyo ufikirie kupandisha. Kwa maoni yangu klasta ndogo haina haraka na 9000.

MTU ikiwa sawa kote, andika ip addr kwenye kila mashine na utazame kama kuna docker0 au virbr0. Hizo ni kadi za kubuni zinazoundwa na Docker na programu za mashine pepe. Ubaya wake ni kwamba docker0 kwa kawaida hupewa 172.17.0.1 kwenye kila mashine, na virbr0 hupewa 192.168.122.1. Open MPI hukusanya kadi zote inazoziona na kujaribu kuzitumia. Ikikuta mashine mbili zina anwani za mtandao mmoja huamini zinafikiana, wakati anwani ile haitoki nje ya mashine yake. Iambie wazi njia ya kupita:

mpirun --mca btl_tcp_if_include 192.168.10.0/24 --hostfile mashine -np 24 ./programu

Weka hapo anwani ya mtandao wako. Ninapenda kuandika mtandao kuliko jina la kadi, kwa sababu kadi moja inaweza kuitwa eno1 huku na enp3s0 kule.

SWALI: Nikiongeza mashine, programu inazidi kuwa polepole. Ninunue InfiniBand, ule mtandao wa kasi kubwa?
Mhandisi

JIBU: Subiri kidogo. Mtandao kuachwa nyuma na prosesa ni jambo la tangu mwanzo. Klasta ya kwanza ya Beowulf, waliyoiunda Thomas Sterling na Donald Becker huko NASA mwaka 1994, ilikuwa na kompyuta 16, na mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde ulizidiwa kiasi kwamba waliunganisha njia mbili za Etherneti zifanye kazi kama moja. Kwa hiyo si ajabu yakukute. InfiniBand hupeleka ujumbe mdogo kwa mikrosekunde moja au mbili, wakati Etherneti ya gigabiti kwa TCP huchukua makumi. Programu inayotuma ujumbe mdogo mwingi itaiona tofauti hiyo. Inayotuma mchache na mkubwa huenda isifaidike kiasi cha kuhalalisha gharama.

Kabla ya yote, pima ulichonacho. Endesha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kati ya kila jozi ya mashine. Gigabiti hukomea baiti milioni 125 kwa sekunde, na jozi iliyo nzima hukaribia hapo. Ukikuta jozi moja iko karibu na sehemu ya kumi yake, andika kwenye mashine zote mbili:

ethtool eno1

ukiweka jina la kadi yako, na usome mstari wa kasi. Ukiona 100 badala ya 1000, badilisha kebo. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya zilizomo ndani ya kebo, ile ya megabiti 100 inatosheka na mbili, hivyo waya mmoja ukikatika kwenye plagi kadi zinaweza kushuka hadi kasi ya chini bila kulalamika. Na katika programu ambamo mashine zote husubiriana kila hatua, kebo moja mbovu huzipunguza kasi zote. Nitumie namba za iperf3 za jozi zote, tuzitazame pamoja kabla hujatoa hela.